Mwaka wa Kichwa cha Mbwa

Daktari kijana wa Eldoret aligeuza kioo cha kompyuta ili nione, akanionyesha kwa ncha ya kalamu sehemu mbili ndogo zilizojikunja ndani ya ubongo wa Amoit, moja kushoto na moja kulia, kama vipande viwili vya tangawizi iliyokauka. "Hapa, mama, panaitwa hipokampasi," alisema polepole, kwa sauti ambayo vijana huwawekea wazee. "Ndipo kumbukumbu mpya hutengenezwa. Kwa rafiki yako pamenyauka sana. Ya juzi yataondoka kwanza, kisha ya mwaka jana, kisha ya nyuma zaidi. Ya ujana ndiyo yatakayokaa mwisho." Nilimwuliza kama seli zilizokufa ni zile kubwa za piramidi au zile ndogo za punje. Akasema kwa kawaida ni kubwa ndizo hutangulia, wala hakuna anayejua vizuri kwa nini, kisha akaniuliza kama nilikuwa mwalimu wa sayansi. Nikamwambia nilifanya kazi Malaba, zamani, miaka ya sitini. Alingoja niendelee. Sikuendelea, kwa sababu Amoit, kwenye kiti chake cha magurudumu kando ya dirisha, alikuwa anamsihi muuguzi amwachilie aende, chai itamwagika, malori yamefika.

Kituo chetu cha mifugo kilikuwa nyumba ya mabati kando ya barabara ya kutoka Malaba kwenda Amukura, chumba kimoja cha dawa na kingine cha kazi. Harufu yake sijaisahau: spiriti, damu ya ng'ombe, na karanga za kuchemsha ambazo Daktari Ssemanda alikula kutwa nzima, maganda yakianguka juu ya tumbo lake. Alikuwa Mganda mnene mwenye sauti nyembamba, na wakati huo mpaka ulikuwa bado mwepesi, mtu angelala Tororo na kufanya kazi kwetu bila yeyote kumwuliza neno. Meza ya kazi ilikaa chini ya dirisha la mashariki kwa sababu hadubini yetu haikuwa na taa, ilikuwa na kioo cha kunasa jua. Mawingu yakifunga, kazi inalala. Mimi nilikuwa nimemaliza shule karibuni na mkono wangu ulijua kuchora, basi akanichukua nimchoree anachokiona, maana hatukuwa na kamera. Kazi yetu kubwa ilikuwa ng'ombe wanaovuka, kupe, damu, homa. Lakini mara kwa mara kililetwa kichwa cha mbwa aliyeuma mtu, na siku hiyo karanga ziliwekwa kando.

Ili nijue ninachokitafuta, alinifungulia kisanduku cha mbao chenye vioo vya masomo yake, ubongo wa sungura uliotiwa dawa ya fedha. Dawa hiyo ina tabia ya ajabu. Hupaka seli moja hapa na moja pale, ikawaacha majirani zake bila rangi, na kila iliyopakwa husimama peke yake, nyeusi, kama mti uliobaki shambani baada ya moto kupita. Mimi nilikuwa nimedhani ubongo ni uji. Nilipoinamisha jicho niliona mji. Daktari Ssemanda alipaita mahali pale, hipokampasi ile ile, pembe, kwa kuwa pamejipinda kama pembe ya kondoo dume, na katika pembe ile kulikuwa na wakazi wa kila namna. Kulikuwa na seli kubwa za piramidi zilizosimama kwa safu, matawi juu, mizizi chini, na kila moja ikitoa uzi mrefu uliokwenda kupeleka habari mbali, nje ya pembe kabisa. Kulikuwa na seli ndogo za punje, zimesongamana kama wimbi kwenye ungo. Kulikuwa na zilizolala kifudifudi, zimenyoosha mikono huku na huku. Na kulikuwa na zile alizozipenda kupita zote, ambazo nyuzi zake husukwa kuzunguka miili ya jirani zake kama kikapu. "Hizi, nnyabo, kazi yake ni kunyamazisha," aliniambia, akiniita bibi kwa Kiganda chake. "Zikikosekana, nyingine zote zitapiga kelele pamoja na mtu ataanguka atetemeke. Malaba ingepata watu wa namna hii tungelala usingizi." Nilizichora zote. Kwa majuma mengi nilienda kulala nikiziona ndani ya kope zangu, na nilimwona kila mtu sokoni kuwa wa aina yake, huyu wa kupeleka mbali, yule wa kunyamazisha.

Kichaa cha mbwa huchagua. Hilo ndilo alilotaka nilielewe. Ugonjwa ukishafika kwenye pembe, huweka alama yake ndani ya seli kubwa za piramidi, doa jekundu la mviringo lenye nukta za buluu, na mwenye jicho zuri akiliona hana shaka tena. Punje ndogo, zilizo jirani kabisa, mara nyingi hubaki safi, kama watu wa nyumba ya pili ambao hawakusikia wizi. Kwa hiyo mtu hawezi kukata popote katika ubongo akasema nimetazama. Lazima aifikie pembe ikiwa nzima, na ndani ya pembe azifikie zile kubwa. Daktari alikwenda barazani kwa chifu akawaeleza watu haya kwa maneno mepesi. Mbwa akiuma, msimwue. Mfungeni, apewe maji, atazamwe wiki moja na nusu. Akiwa mgonjwa atakufa mwenyewe, akiwa mzima ataendelea kula. Mkilazimika kuua, kichwa msikiguse. Watu walimpigia makofi, na mzee mmoja akauliza kama serikali italeta dawa ya kupe lini.

Nilipanga chumba pamoja na Amoit nyuma ya hoteli ya Mama Nekesa, karibu na pale malori yalipongoja karatasi zake kupigwa mihuri. Chumba chetu kilikuwa na vitanda viwili vya kamba, na ukuta wa mbao uliopasuka uliotutenga na meza za wateja, hivi kwamba tulilala na kuamka na habari za Kampala na Mombasa. Amoit alikuwa binti wa Amukura, mpishi wa hoteli, na Malaba nzima ilimjua kwa mwendo wake. Hakutembea, alikata. Alibeba birika mkono huu na sahani za atap mkono ule, ile sima nyeusi ya wimbi na muhogo, akapita katikati ya madereva bila kumgusa mtu, na bado akapata nafasi ya kujibu kila mzaha.

"Dada, hii chai imeona maziwa ama ilisikia tu habari yake?" Huyo alikuwa Barasa, tanboi, yaani utingo, wa lori la saruji, kijana mrefu asiyeweza kunyamaza.

"Imeona. Ni wewe hujaona maji ya kuoga tangu Mombasa."

"Nikioga utanikubali?"

"Oga kwanza. Mambo ya kukubali tutaongea na mtu ambaye tunaweza kumwona sura."

Wengine walicheka mpaka wakagonga meza, na Mama Nekesa alisema kutoka jikoni kwamba hoteli yake si ya harusi, mtu ale aende.

Mwanzoni mwa mwaka ule mtu mmoja muuza samaki aliletwa kituoni kutoka Osieko, safari ndefu, amelazwa kwenye mkokoteni. Ndugu zake walikuwa wamesikia kuna daktari anayetazama vichwa vya mbwa, wakadhani anayejua ugonjwa anaweza kuuondoa. Aliumwa na mbwa miezi miwili nyuma, kidonda kimepona, amesahau. Kikombe cha maji kilipoletwa karibu, koo lake lilikaza na macho yakamtoka, mtu aliyekulia ziwani, na alipopata pumzi aliwaomba radhi waliomshika kwa kuwatemea mate. Alikuwa na akili zake timamu. Hilo ndilo lililonishinda, kwamba alijua. Amoit alikuwa amekuja kuniletea chakula cha mchana. Alisimama mlangoni na sufuria mkononi, akaona yote. Mtu yule alifariki kabla ndugu zake hawajamaliza kutandika nyasi za kumrudishia. Hatukula. Sufuria ilirudi hotelini kama ilivyokuja.

Mbwa mwenyewe aliitwa Jimi. Alikuwa wa mwenye bucha, rangi ya udongo, mpole, na aliishi kwa mifupa ya hoteli. Asubuhi ile ya Jumamosi Amoit aliinama kupuliza moto jikoni, Jimi akatoka chini ya rafu akamshika mkono, hapa, juu kidogo ya kifundo, akautikisa. Barasa alirukia meza akampiga teke, na mbwa akamgeukia akamuuma shavu la mguu kupitia suruali yake nzito ya kazi. Baadaye kila mtu alikuwa na lake la kusema. Kuna aliyesema Jimi alikuwa akitafuna mchanga tangu jana yake. Kuna aliyesema, na huyo aliona kwa macho, kwamba dakika chache kabla alimwagiwa maji moto na mtoto wa jirani, na mbwa aliyeungua atamuuma hata mwenye kumlisha.

Kwetu kule mbwa aliyeuma mtu huuawa na wote. Kila aliyepo huokota jiwe lake na kulenga kichwa, hata mwenye mbwa, hata mama mwenye mtoto mgongoni, ili damu isimkae mtu mmoja na ile nyumba ya wazimu ivunjwe kabisa. Nilitoka chumbani na kamba ya kitanda mkononi, nikawakuta wamemzingira. Niliwaambia wasimpige kichwani, wanipe nimfunge. Nilimshika mkono mama mmoja mtu mzima, muuza mboga niliyemheshimu.

"Mwanangu," aliniambia kwa upole, "mbwa anauma na nini? Na mkia?" Akatupa jiwe lake.

Walimpiga hata alipokwisha kufa, maana waliokuwa wanakuja kutoka sokoni nao walitaka kutupa lao. Mwenye bucha alitupa lake huku akilia. Barasa alitupa la mwisho, akachechemea hadi kwenye lori. Nilimwambia aje kituoni, jeraha lioshwe kwa sabuni, angoje. Aliikunja suruali akanionyesha alama mbili ndogo, akasema dereva wake hangoji mtu. "Mimi nimeumwa na polisi wa Jinja, dada. Mbwa ni nini." Lori lilivuka kabla saa nne haijafika.

Daktari Ssemanda alifungua gunia juu ya meza, akatazama, akavua miwani. "Wamesaga," alisema. Tulifanya kazi mpaka jua lilipohama dirisha letu. Vipande vya mfupa vilikuwa vimechanganyika na ubongo kama mawe katika mchele, na ile pembe, ambayo katika kichwa kizima huinuka yenyewe ukifunua, hatukuipata. Alichota hapa na pale, akagandamiza kwenye kioo, akatia rangi, nami nikachora. Tuliona damu. Tuliona nyuzi zilizokatika. Mwisho tukapata kipande kidogo kilichokuwa kizima, tukashusha pumzi, na kilikuwa punje tupu, safu nzuri iliyosongamana, safi, hakuna doa popote. Niliinua uso nikatabasamu. Yeye hakutabasamu. "Hawa wadogo hawatuambii kitu, nnyabo. Ni wakubwa ndio tunahitaji, na wakubwa wamebaki kwenye mawe." Alipata seli za piramidi mbili au tatu, zimepasuka, matumbo nje, kama vibanda baada ya mafuriko. Hakuna jicho lingeweza kuzisoma. Jumapili tulitazama tena kuanzia mwanzo. Jumatatu kulikuwa na mawingu.

Leo watu husema si angechomwa sindano, shida iko wapi. Sindano za wakati ule hazikuwa za leo. Zilitengenezwa kwa ubongo wa kondoo, zikachomwa tumboni kila siku kwa wiki mbili, na kila daktari alijua kwamba mmoja kati ya wengi walioponywa na dawa ile aliweza kupoozwa nayo, kwa sababu mwili, ukifundishwa kuupiga vita ubongo wa kondoo, mara nyingine huugeukia wa kwake. Ndiyo maana hospitali ya wilaya iliuliza kwanza matokeo ya mbwa. Na matokeo yalikuwa hayapo. Jumatatu ile, mawingu yakiwa chini, Daktari alikuja mwenyewe hotelini, akakaa kwenye benchi ambalo lililia chini yake, akamweleza Amoit yote bila kumficha: mbwa huenda alikuwa na kichaa, huenda hakuwa nacho, bila sindano, kama alikuwa nacho, hakuna atakayemsaidia, kwa sindano, huenda akaumia. Alisema kama angekuwa binti yake angempeleka hospitali leo.

Mama Nekesa alikuwa akipepeta mchele. "Daktari, nisamehe, mimi sikusoma. Lakini huyu msichana ni mzima. Anakula, anacheka. Unataka kumchoma dawa ya ugonjwa hana?"

"Sijasema hana, mama."

"Hujasema anao."

"Ndiyo," alisema Daktari. "Sijasema."

Amoit alitazama bandeji mkononi mwake, kisha akaniita chumbani, akafunga mlango, ingawa ukuta ule haukuzuia neno. Alikaa kitandani kwangu. "Nafula, wewe umeangalia hiyo kichwa. Ungekuwa mimi, ungedungwa?" Nilimwona yule mtu wa Osieko, na nilijua naye anamwona. Nikasema ningedungwa. Nimeligeuza jibu lile miaka yote hii kila upande, kama mtu anayetafuta ufa katika chungu, na sijauona. Ningelisema tena leo. Yeye aliitikia kwa kichwa, akainuka, akaenda kumalizia chai ya watu kabla ya kupanda basi la hospitali. Ndiyo mara yangu ya mwisho kusikia vikombe vikigongana kwa mwendo wake.

Kwa siku za kwanza alinicheka nilipomtembelea wodini. Tumbo lake lilikuwa limevimba mabonge kama viazi, akasema akitoka hapo atawauzia madereva. Nilimpelekea samaki na kunde, tukala kwa mkono mmoja sahani moja, na wanawake wa vitanda vingine walituambia tupunguze kelele. Kisha siku moja nilimkuta hajala. Alisema kuna sisimizi kwenye nyayo zake. Siku iliyofuata alisema shuka ni nzito, wamwondolee, na shuka lilikuwa jepesi kama karatasi. Walisimamisha sindano. Nilishika kidole chake kikubwa cha mguu nikakibonyeza, kisha nikakibonyeza kwa nguvu, nikimtazama usoni, na usoni hapakuwa na kitu. Aliniuliza kwa nini sijaanza kubonyeza. Nikasema naanza sasa.

Alirudi Malaba amebebwa. Mama Nekesa, ambaye sikuwahi kumsikia akisema "niliwaambia", alimtandikia mkeka jikoni akampa kazi ya kuchambua mchele na kukata vitunguu, na hoteli ikawa kimya kwa namna ambayo wateja hawakuweza kuitaja. Mvua ndefu zilipokwisha na mavuno kuingia, nilikuwa nimekaa naye pale jikoni, tukimenya muhogo, tuliposikia sauti mezani ikiuliza kama hii chai imeona maziwa ama ilisikia tu habari yake. Barasa alikuwa mnene kidogo. Alikuwa sasa dereva, na alikuwa na tanboi wake wa kumfokea. Alichungulia jikoni akamwona Amoit chini kwenye mkeka. "Dada, siku hizi umekuwa bosi? Wanakuletea kazi umekaa?" Aliikunja suruali, akauweka mguu wake juu ya gunia la makaa ili tumwone. "Angalia. Hata kovu halionekani." Alitutazama mmoja baada ya mwingine mpaka macho yake yakateremka kwenye miguu ya Amoit, jinsi ilivyokaa, na nikaona anaelewa. Aliiteremsha suruali polepole. Chai yake ilipoa mezani. Aliondoka bila kuigusa.

Nilimweleza Amoit, jioni ile na nyingine nyingi, kwamba uzima wa Barasa si ushahidi kuwa mbwa hakuwa na kichaa. Suruali nene hupangusa mate ya mbwa kabla jino halijafika kwenye nyama. Wengi wanaoumwa na mbwa mgonjwa hawaugui, lakini si wote, na mkono wake yeye Amoit haukuwa na nguo ya kuukinga. Nilizungumza kama Daktari, kwa maneno ya Daktari. Alinisikiliza akimenya. "Sawa," alisema. "Lakini yeye anatembea." Mwaka uliofuata Daktari Ssemanda alihamishwa, nami nikaenda kusomea maabara ya hospitali, na nilipostaafu nilimchukua Amoit nyumbani kwangu Amukura, wazee wawili, chumba kimoja kwa sababu tumezoea.

Na sasa jambo alilolisema yule kijana wa Eldoret linatimia, kwa utaratibu wake. Umeondoka mwaka jana, zimeondoka na zile sherehe, wajukuu wa Mama Nekesa, jina la rais. Miaka inamvuka kama malori, kutoka huku kwenda kule, na sasa imebaki ya mwanzo tu, ile ya birika na sahani. Asubuhi akiamka ana miaka ishirini. Husikia gari barabarani, hutupa blanketi, hugeuka kitandani kwa nguvu ya mtu aliyechelewa kazini, na huanguka. Nimeweka godoro chini, upande ule. Simwinui mara moja, kwani amekuwa mzito na mimi sina mgongo. Hukaa naye sakafuni. Amoit huishika miguu yake kwa mikono miwili kama kitu alichokiokota, huniangalia.

"Nafula, miguu yangu imefanya nini?"

Mwanzo nilikuwa nikimsimulia yote, mawe, mawingu, pembe, na alilia kama aliyepata habari leo, kwa sababu alikuwa ameipata leo. Nimejifunza kufupisha. Namwambia mbwa alikuuma, ukadungwa sindano, sindano zikakuumiza miguu, ukaishi. Yeye hufikiri, na kila asubuhi hufika mahali pale pale, kwa akili ile ile kali iliyokuwa ikiwajibu madereva.

"Na huyo mbwa, alikuwa na kichaa?"

"Alikuwa nacho."

"Mliona?"

"Tuliona wazi kabisa."

"Basi ni sawa," husema Amoit, na hunipa mkono nimsaidie kuinuka.